Jalada na Ubeti: Uhakiki wa Chapa za Mbao katika Vijitabu vya Ushairi vya Kaskazini-Mashariki mwa Brazili

Fasihi ya vijitabu vya ushairi ya kaskazini-mashariki mwa Brazili, ambayo kwa Kireno huitwa literatura de cordel, yaani fasihi ya kamba, imehakikiwa kwa muda mrefu kupitia jalada lake. Anayeingia katika maonyesho ya fasihi hiyo hukutana kwanza na picha nyeusi iliyochongwa kwenye mbao na kupigwa chapa: mchunga ng'ombe na farasi wake, shetani mwenye mkia, padri mwenye kofia na fimbo, ndege mwenye mabawa makubwa. Shairi lenyewe hufuata baadaye, na aghalabu halifuati kabisa. Kutokana na mazoea hayo umejengeka mtazamo kwamba chapa ya mbao ndiyo sura ya asili ya kijitabu, na kwamba ukale wa mchoro ni ushahidi wa ukale wa utungo. Makala haya yanapinga mtazamo huo. Hoja inayojengwa ni kwamba chapa ya mbao ilienea katika vijitabu kama njia ya kukabili uhaba, kisha ikapewa hadhi na watu ambao wengi wao hawakuwa wanunuzi wa magulioni. Na kwamba mhakiki asiyelizingatia hilo huipa picha kazi isiyokuwa yake, na shairi hulinyima haki yake.

Jina na fani

Inafaa kuanza na jina, kwa sababu jina lenyewe ni sehemu ya tatizo. Watunzi na wauzaji wa magulioni hawakuwa na desturi ya kuiita kazi yao cordel. Walisema folheto, yaani kijitabu, na kwa visa virefu vya mapenzi na ushujaa walisema romance. Neno cordel lilikuwa la Ureno, ambako machapisho ya bei nafuu yaliangikwa kwenye kamba ili wapita njia wayaone. Wataalamu ndio waliolieneza Brazili, hasa kuanzia miaka ya 1960 na 1970. Katika magulio ya Pernambuco, Paraíba na Ceará vijitabu vilitandazwa chini au kupangwa ndani ya sanduku lililofunguliwa, zaidi ya kuning'inizwa. Márcia Abreu, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1999, alikwenda mbali zaidi: alionyesha kuwa machapisho ya kamba ya Ureno yalichanganya tamthilia, nathari na mashairi bila kanuni moja ya umbo, ilhali kijitabu cha Brazili kilifungwa na kanuni kali za ushairi. Hoja yake inakubalika kwa upande wa fani. Kwa upande wa maudhui haiwezi kusukumwa hadi mwisho, kwani visa kadhaa vilipita waziwazi katika vitabu vya Ureno. Miongoni mwake ni visa vya Charlemagne na mashujaa wake kumi na wawili, na kisa cha binti mwerevu Teodora, ambacho asili yake ni kisa cha Tawaddud katika Alfu Lela Ulela, na ambacho Leandro Gomes de Barros alikitunga upya kwa beti.

Bahari inayotawala ni tasdisa: ubeti wa mishororo sita yenye mizani saba kila mmoja, vina vikikutana katika mshororo wa pili, wa nne na wa sita, huku mitatu iliyobaki ikiachwa huru. Upo pia usaba, na upo ukumi unaotumiwa zaidi katika majibizano na katika mashairi yenye kibwagizo. Msomaji aliyezoea mizani za Kiswahili atambue kuwa Kireno huhesabu mpaka silabi ya mwisho yenye mkazo. Silabi inayobaki nyuma ya mkazo haihesabiwi, na irabu zinazokutana baina ya maneno mara nyingi humezana. Kwa hiyo mshororo wa mizani saba waweza kuonekana una silabi nane au zaidi kwa jicho la msomaji wa tenzi. Jambo hili si dogo. Shairi hili lilitungwa kwa ajili ya sikio: muuzaji alilisoma au kuliimba mbele ya umati, akakatiza pale kisa kilipokolea, na aliyetaka kujua mwisho alinunua. Nyumbani, mmoja aliyejua kusoma aliwasomea wenzake. Kijitabu kilikuwa na kurasa 8, 16 au 32, mara nyingine zaidi, zenye ukubwa wa takribani sentimita 11 kwa 16, idadi iliyotokana na namna karatasi kubwa ilivyokunjwa. Picha kwa kawaida ilikuwa moja tu, nayo ilikaa nje.

Jalada kabla ya mbao

Leandro Gomes de Barros alizaliwa Pombal, Paraíba, mwaka 1865 na kufariki Recife mwaka 1918. Ndiye anayehesabiwa kuwa wa kwanza kuufanya utunzi na uuzaji wa vijitabu kuwa riziki yake. Majalada mengi ya kipindi chake yalikuwa ya maandishi: jina la kisa, jina la mtunzi, na mapambo machache ya matbaa. Chapa ya mbao inayotajwa mara kwa mara kuwa ya kale zaidi katika fasihi hii ni ya mwaka 1907, katika kijitabu cha Francisco das Chagas Batista kuhusu haramia Antônio Silvino. Mfano huo ni wa pekee kiasi kwamba ni vigumu kuuita mwanzo wa desturi.

Mchapishaji aliyetawala soko baada ya Leandro alikuwa João Martins de Athayde, naye alichagua njia nyingine kabisa. Majalada yake yalitumia mabamba ya zinki yaliyochorwa kwa kalamu au kunakiliwa kutoka kadi za posta na picha za waigizaji wa sinema za Hollywood. Binti mfalme wa kisa cha kale alitokea jaladani akiwa na nywele na rangi ya midomo ya mwigizaji wa miaka ya 1930. Kwa mtazamaji wa leo jambo hili linachekesha, na wakusanyaji wengi wameyapuuza majalada hayo kwa madai kuwa si ya asili. Lakini haya ndiyo majalada yaliyouza vijitabu katika kipindi ambacho fasihi hii ilikuwa na wasomaji wengi. Mnunuzi wa gulioni aliyeuona uso huo aliona anasa, umbali na mapenzi, yaani yale hasa ambayo kisa kilimwahidi. Uhusiano wa picha na shairi ulikuwa wa ahadi, haukuwa wa ufafanuzi. Mhakiki anayelidharau jalada la zinki kwa kuwa halifanani na mbao anaweka ladha yake mahali pa ladha ya hadhira.

Mbao ilipata nafasi pana zaidi Juazeiro do Norte, mji wa Ceará uliokua kutokana na hija za waumini wa Padri Cícero (1844–1934). Mwaka 1949 José Bernardo da Silva, mwenye matbaa mjini humo, alinunua kutoka kwa Athayde haki za vijitabu pamoja na mabamba yake. Kwa visa vya zamani picha zilikuwapo tayari. Kwa visa vipya bamba la zinki lilipaswa kuagizwa kutoka miji mikubwa, likachelewa na kugharimu fedha, ilhali karibu na matbaa walikuwapo wachongaji waliojua mbao vizuri. Mmojawao alikuwa Mestre Noza, ambaye jina lake kamili ni Inocêncio da Costa Nick, mchongaji wa sanamu za watakatifu na za Padri Cícero. Watu hawa waliitwa matbaani kama mafundi, na kazi yao ililipwa kama kazi ya fundi.

Masharti ya ufundi huo yanaeleza mengi ambayo wahakiki wameyaeleza kwa saikolojia ya watu wa nyikani. Kibao kilitakiwa kiwe na kimo sawa na cha herufi za risasi, yaani zaidi kidogo ya sentimita 2.3, ili kifungwe pamoja nazo katika fremu moja na kuchapwa kwa mara moja. Mti uliopendwa ni umburana, ambao ni laini na hukubali kisu kidogo. Karatasi ya jalada ilikuwa nyembamba na dhaifu, ya waridi, manjano au kijani, na wino haukuwa bora. Mstari mwembamba mno ungevunjika au kujaa wino. Uwanja mpana mweusi wenye mikato michache myeupe ungedumu kwa maelfu ya nakala. Kwa hiyo umbo kubwa linalotazama mbele au upande, bila kina wala kivuli, lilikuwa kwa sehemu kubwa uamuzi wa kiuchumi. Walderêdo Gonçalves wa Crato, alipochonga mfululizo wa picha za Ufunuo wa Yohana kwa ajili ya albamu, alijaza uwanja kwa mikato midogo na ya makini ambayo jalada la kijitabu lisingeweza kuivumilia. Neno "ukale" au "utoto wa sanaa" halina msaada wowote hapa.

Kanisa la Bezerros na daftari la shetani

Mfano unaodhihirisha vyema kazi ya picha ni wa J. Borges, yaani José Francisco Borges (1935–2024), wa Bezerros, Pernambuco. Kijitabu chake cha kwanza, kuhusu wachunga ng'ombe wawili wanaokutana katika nyika ya Petrolina, kilitoka mwaka 1964 kikiwa na jalada lililochongwa na Dila wa Caruaru. Kwa kijitabu cha pili hakuwa na fedha za kumlipa mchongaji, akachonga mwenyewe. Kijitabu hicho kiliitwa O Verdadeiro Aviso de Frei Damião, yaani Onyo la Kweli la Frei Damião, na kilihusu mhubiri Mkapuchini mzaliwa wa Italia ambaye watu wa eneo hilo walimheshimu karibu kama mtakatifu. Picha ambayo Borges aliichonga ilifuata sura ya mbele ya kanisa la mji wake.

Uteuzi huo unastahili kutafakariwa. Mchongaji angeweza kuonyesha uso wa mhubiri, au umati unaotubu, au moto wa adhabu unaotajwa katika mahubiri ya aina hiyo. Badala yake ameweka jengo ambalo kila mnunuzi wa Bezerros alilifahamu. Picha haisimulii lolote lililomo ndani ya beti. Inachofanya ni kuunga mkono neno moja la anwani, neno "kweli". Anwani inadai kuwa onyo ni la kweli, na ukuta wa kanisa unaofahamika unalidhamini dai hilo. Hapa jalada linafanya kazi ya shahidi, kama vile muhuri unavyofanya kwenye hati. Anayelisoma kama kielelezo cha kisa ataliona pungufu. Anayelisoma kama udhamini ataona kuwa ni uteuzi wa mtu aliyelijua soko lake.

Upande wa pili upo utungo wa José Pacheco, A Chegada de Lampião no Inferno, Kuwasili kwa Lampião Jehanamu. Lampião, haramia mashuhuri kuliko wote wa nyika hiyo, aliuawa mwaka 1938. Katika utungo huu, uliotungwa kwa usaba, roho yake inabisha hodi jehanamu, inazuiwa mlangoni, na vita vinaanza. Picha zilizowahi kuwekwa jaladani kwa kawaida huonyesha haramia na shetani wakikabiliana, nazo huvutia kweli. Lakini kilele cha kejeli ya Pacheco hakimo katika mapigano. Kimo katika hesabu ya hasara baada ya moto: fedha za shetani zimeteketea, daftari la mahudhurio limeungua, na bidhaa za thamani kubwa zimepotea. Jehanamu ya Pacheco ina ghala, ina mlinzi wa zamu na ina daftari. Yaani inafanana na shamba kubwa au duka la mwenye mali ambaye msikilizaji wa gulioni alikuwa akimfanyia kazi au akidaiwa naye. Hasira ya kitabaka imefichwa ndani ya orodha ya hasara inayosomwa kwa sauti ya karani. Mchoro hauwezi kubeba orodha. Hivyo mhakiki anayeanzia na kuishia kwenye jalada ataupata ushujaa na mzaha, na ataikosa kabisa siasa ya utungo. Huo ndio uzito wa suala linalojadiliwa: kuinuliwa kwa picha kumeifanya fasihi yenye ukali kuonekana fasihi ya kupendeza tu.

Hadhi iliyotoka nje

Mageuzi ya hadhi ya chapa ya mbao yanaweza kufuatiliwa kwa tarehe. Jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Shirikisho cha Ceará lilianzishwa mwaka 1961, nalo lilikusanya vibao vya matbaa pamoja na chapa zake. Mwaka 1965 mfululizo wa Mestre Noza kuhusu Njia ya Msalaba ulichapishwa Paris na Robert Morel, kwa juhudi za msanii Sérvulo Esmeraldo. Katika albamu hiyo hakuna kijitabu tena: mpangilio wa picha umefuata vituo vya ibada, na mnunuzi ni mkusanyaji wa sanaa. Ariano Suassuna, ambaye tayari mwaka 1955 alikuwa amejenga tamthilia yake Auto da Compadecida kwa kutumia visa vya vijitabu, viwili kati yake vikiwa vya Leandro, alizindua mwaka 1970 huko Recife harakati ya Armorial, iliyotaka sanaa ya kitaalamu ichote kutoka chemchemi za watu wa kawaida. Gilvan Samico (1928–2013), mchongaji aliyesoma sanaa rasmi, alipata njia yake kwa kuchunguza chapa za vijitabu, akatoa kazi zenye ulinganifu na utulivu ambao jalada la gulioni halikuwa nao wala halikuuhitaji.

Hakuna ubaya katika mikondo hiyo, na kazi za Samico ni miongoni mwa kilele cha uchongaji wa Brazili katika karne ya 20. Tatizo ni la kihakiki. Mtazamo uliozaliwa makumbushoni ulirudishwa nyuma na kuchukuliwa kuwa historia ya kijitabu chenyewe. Athayde na mabamba yake ya zinki wakafanywa upotofu wa muda, na mbao ikafanywa asili.

Matokeo mengine ya mtazamo huo yanahusu haki ya utunzi. Suala la jina lilikuwa jeraha la zamani katika fasihi hii. Mwaka 1921 Athayde alinunua kwa mjane wa Leandro haki za tungo zake, kisha akazichapa akiweka jina lake mwenyewe jaladani, awali kama mchapishaji na hatimaye kwa namna iliyowafanya wasomaji wamdhanie kuwa mtunzi. Watunzi walijilinda kwa kutunga ubeti wa mwisho ambao herufi za mwanzo za mishororo yake zilifuatana kuunda jina lao. Leandro, jina lenye herufi saba, ni mfano unaojulikana zaidi. Wachapishaji walipobadili neno moja au mawili katika ubeti huo, ulinzi ulivunjika, na watafiti wa baadaye walilazimika kurejesha umiliki kwa kulinganisha matoleo. Kisa cha tausi wa ajabu, O Romance do Pavão Misterioso, kilitungwa na José Camelo de Melo Resende, lakini kikaenea kwa jina la João Melquíades Ferreira. Ikumbukwe kuwa mambo haya yote yalitokea ndani ya beti na kwenye ukurasa wa anwani, mahali ambapo mtazamaji wa picha hana sababu ya kufika. Orodha ya maonyesho inayotaja mchongaji, aina ya mti na mwaka, ikamwacha mtunzi wa kisa bila jina, inaendeleza tendo la Athayde kwa nia njema.

Hoja hii isivutwe kupita kiasi. Ingekuwa rahisi kudai kuwa chapa ya mbao ni uzushi wa wasomi na wakusanyaji, na dai hilo lingewadhulumu wachongaji. Kuanzia miaka ya 1960 soko la vijitabu lilidhoofika kwa kupanda kwa gharama za karatasi na kwa ushindani wa redio na televisheni. Mwaka 1982 hata matbaa ya José Bernardo, iliyokwisha kubadilishwa jina na kuitwa Lira Nordestina, iliuzwa kwa serikali ya jimbo la Ceará. Katika mazingira hayo wanunuzi wa picha waliwapa watu kama Borges na José Costa Leite riziki ambayo beti peke yake hazingeweza kuwapa tena. Borges alipanua kibao, akaongeza rangi, akatia saini. Vipimo vya jalada vilipoondolewa, alipata nafasi ya kupanga watu wengi katika uwanja mmoja, kwa ucheshi wa utunzi ambao ni wake kweli. Chapa zake zilizoandamana na hadithi za Eduardo Galeano katika Las palabras andantes, mwaka 1993, hazikuwa tena jalada la kitu chochote. Zilikaa ndani ya kitabu, sambamba na nathari ya mwandishi mwingine, na zinapaswa kupimwa kama sanaa inayojitegemea. Kinachodaiwa hapa ni kwamba kipimo hicho kisirudishwe kwenye jalada la mwaka 1964, wala kipimo cha jalada kisitumike kuihukumu chapa kubwa ya ukutani.

Ipo hata hivyo alama moja inayounganisha sanaa hizo mbili. A Chegada da Prostituta no Céu, Kuwasili kwa Kahaba Mbinguni, ya mwaka 1976, ni kijitabu cha Borges na pia ni chapa yake inayofahamika kuliko nyingine. Anwani yake inafuata mtindo wa Pacheco: mtu aliyetengwa anafika mlangoni mwa ulimwengu wa pili na kudai kupokewa. Hata inapoandamana na picha pekee, anwani hiyo bado ni ahadi ya kisa, na anayeijua desturi ya vijitabu husikia ndani yake hodi iliyobishwa kwanza na Lampião. Hati ya Septemba 2018, ambayo kwayo taasisi ya urithi wa kitaifa ya Brazili, IPHAN, iliisajili fasihi ya kamba kuwa urithi wa utamaduni wa nchi, iliwataja pamoja watunzi, waghani, wachapishaji, wachongaji na wauzaji. Huko Bezerros, katika warsha ya Borges inayoendelezwa na wanawe, vijitabu na chapa kubwa huuzwa chini ya paa moja.